Ukipokea Mfuko, Umempokea Mtu

Kwanza niseme wazi kwamba katika nchi yetu hakuna mtu anayepotea. Zamani walikuwepo, siwezi kuficha. Mtu alikuwa anatoka nyumbani kwenda kununua sukari, halafu sukari haifiki na yeye haonekani. Wafadhili wakaanza kununa. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, ambaye hapendi kuona mgeni amenuna ndani ya nchi yake, akaagiza jambo hilo likome, nalo likakoma kesho yake asubuhi kwa tangazo la redio. Tangu siku hiyo watu hawapotei. Wanapumzika.

Mahali wanapopumzika panaitwa Pumziko la Taifa. Ni jengo refu nje kidogo ya mji mkuu, lina ukuta uliopakwa rangi ya maziwa, na upande wa barabarani wamepanda maua. Kwenye ramani halimo, maana Serikali haipendi watu waliopumzika wasumbuliwe.

Mimi ni wakili. Naitwa Gervasi Mapugilo, mfupi, mwenye upara, sina mke, na joho langu nalipiga pasi mwenyewe. Nimefanya kazi ya sheria maisha yangu yote ya utu uzima, na nasema kifua mbele kwamba haki za binadamu kwetu zimeandikwa vizuri kuliko kwa majirani zetu wote. Ziko ukutani pale Wizara ya Haki za Binadamu na Magereza, wizara moja yenye waziri mmoja ili kubana matumizi. Ukikaa kwenye benchi la kusubiria utazisoma mpaka uzikariri, maana kusubiri utasubiri.

Fahari yetu kubwa ni Sheria ya Mapokezi. Desturi yetu kila mtu anaijua: mgeni akifika mlangoni, mwenye nyumba hamuulizi lolote kabla hajampokea mzigo. Ukishaushika mfuko wake, huyo ni mgeni wako, atakula kwako na kulala kwako. Bunge letu liliichukua desturi hiyo nzuri likaifanya sheria. Ndugu wa mtu anayepumzika anaruhusiwa kwenda mahakamani kumwomba. Serikali inamleta akiwa na mfuko wake mkononi, na ndugu anaupokea mbele ya jaji. Ukiupokea mfuko umempokea mtu, jalada lake linafungwa moja kwa moja, na hakuna awaye yote anayeweza kumwomba tena. Usipoupokea, anarudi alikotoka.

Wafadhili waliisoma sheria hiyo wakafurahi sana, wakatujengea mahakama mpya yenye viyoyozi.

*

Bi. Sikitu Makame aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Ni msusi, kibanda chake kiko nyuma ya soko la ndizi, na mikono yake ilikuwa inanuka mafuta ya nazi.

"Wakili, namtaka mume wangu."

"Karibu kiti kwanza, mama."

"Kiti nitakaa. Mume wangu nitampata lini?"

Mume wake alikuwa Shomvi Kapalata, fundi wa spika na redio. Siku ya Shukrani kwa Mlezi alipewa kazi ya kufunga spika uwanjani. Mlezi akahutubia tangu asubuhi. Alipofika kwenye sehemu ya haki na usawa, spika zote zikakatika, na uwanja mzima ukasikia kimya. Hapo watu wakapiga makofi. Tangu tupate uhuru hayajapigwa makofi kama yale. Walisimama, wakapiga vigelegele, wengine wakatupa kofia juu, na mdomo wa Mlezi ukawa bado unafunguka na kufumba. Jioni hiyo Fundi Shomvi akaenda kupumzika.

"Waya uliliwa na panya," alisema Bi. Sikitu. "Pale uwanjani panya wamejaa tele, nani asiyewajua?"

"Panya wamehojiwa?" niliuliza, kwa sababu wakili ni lazima aulize.

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akanieleza mume wake alivyo, ili Serikali isipate shida kumtafuta. Ni mfupi, ananifikia mimi tu. Kwenye kidole gumba cha kushoto ana kovu la kuungua na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Kichwa chake kina bonde dogo kisogoni.

"Mimi ni msusi, wakili. Kichwa cha mume wangu nakijua hata ukinifumba macho."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia sheria yetu ni nzuri. Nilikuwa naamini kila neno.

*

Siku ya mapokezi Wakili wa Serikali, Ndugu Mbonea Kisaka, alisimama akakohoa kwa heshima. Nilisoma naye chuo kimoja, na hata wakati ule alikuwa anajiandaa kukohoa.

"Mheshimiwa Jaji, Serikali yangu sikivu, tukufu na isiyo na kinyongo, iliyoombwa mtu na ikaleta mtu, inaomba kumleta mtu."

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mrefu kama mlingoti, amevaa shati ambalo mikono yake iliishia viwikoni, ameshika mfuko wa plastiki wa rambo. Jaji Kaswaga akavaa miwani.

"Bi. Sikitu, huyu ni mume wako Shomvi Kapalata?"

"Siye."

"Shati alilovaa unalifahamu?"

Bi. Sikitu akasogea.

"Shati ni la mume wangu. Hicho kifungo cha pili nilikishona mimi kwa uzi wa kijani, mweupe uliniishia."

"Karani, andika kwamba mwombaji amemtambua mume wake kuanzia kifungo cha pili."

Nikasimama. Nikasema kwa upole wote niliofundishwa kwamba mteja wangu ameolewa na mtu mfupi. Ndugu Mbonea akainuka na huzuni usoni.

"Mheshimiwa, wakili msomi analalamika kwamba mtu ameongezeka akiwa mikononi mwetu. Serikali ikikondesha watu inalaumiwa, ikiwarefusha pia inalaumiwa?"

"Na kovu la kidole gumba?" nikauliza.

"Limepona, Mheshimiwa. Pale Pumziko tuna mganga."

Jaji akacheka kidogo, akatupa mapumziko mafupi ili mwombaji atulize moyo.

Ndugu Mbonea akanivuta kwenye kantini akaninunulia chai. "Msomi mwenzangu," alisema, "isome sheria. Imeandikwa kwamba Serikali italeta mtu. Yule si mtu?"

"Lakini kwa nini asiletwe Shomvi mwenyewe? Kama yupo?"

"Tukianza kumpa kila mwanamke mume wake, watazoea. Kwa hiyo tuna mwongozo: mtu asirudishwe kwa aliyemwomba. Tunaufuata kwa uaminifu mkubwa, hapo hutupati."

"Na mama akimkataa huyu mrefu?"

Alikoroga chai yake pole pole. "Aliyekataliwa hana mwenyewe. Na asiye na mwenyewe, Gervasi, sisi tutaendelea kumlisha kwa ajili ya nani?"

Nikaweka kikombe changu mezani. Niliogopa. Katika miaka yangu yote ya uwakili nilikuwa sijawahi kuogopa kikombe cha chai.

*

Nilimweleza Bi. Sikitu yote, hapo hapo kwenye benchi la waombaji. Akikataa mfuko, mtu huyu amekwisha. Akiupokea, Shomvi kisheria amerudi nyumbani, na hakuna mahakama itakayokubali kumsikia tena akimwomba. Alisikiliza akiwa amejifunika mdomo kwa kanga. Kisha akamgeukia yule mrefu, aliyesimama kizimbani karibu yetu na askari wake.

"Unaitwa nani?"

"Shomvi Kapalata," akajibu, akimtazama askari.

"Nyumbani kwenu wanakuitaje?"

"Mwalimu Ntibona," akanong'ona. "Nafundisha chekechea. Dada, nipokee."

"Una mke?"

"Ninaye."

"Nikikupokea wewe, wangu ndiyo basi. Unajua hilo?"

Mwalimu aliutazama mfuko wake. Jaji akaingia, sote tukasimama, na viyoyozi vya wafadhili vikawa vinanguruma juu yetu. Bi. Sikitu alibaki amesimama hata baada ya watu kukaa. Alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kupigana. Akaenda moja kwa moja mpaka kizimbani, akampokonya yule mtu mfuko kwa nguvu mpaka kishikio kikachanika.

"Haya! Twende nyumbani, Shomvi!"

Karani akapiga makofi. Habari za saa mbili zikatangaza ushindi wa haki za binadamu.

Nje, karibu na wauza karanga, Bi. Sikitu alisimama ghafla akamshika mwalimu kifuani, pale kwenye kifungo cha uzi wa kijani.

"Wangu umemwona?"

"Nimemwona. Pale tunakaa foleni, dada. Akiombwa mtu, anavua shati anampa aliye mbele yake, na yule wa mbele ndiye anayetoka. Wako alikuwa nyuma yangu. Shati hili nilivishwa likiwa na joto lake."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwanamke atakayelia kwa hasira, huyo ndiye mke wangu. Mwambie, ule waya ni panya."

*

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikuwa na elimu, kwa hiyo niliiandikia mahakama ombi la upole sana, nikieleza kwamba Fundi Shomvi aliyeko nyumbani si Fundi Shomvi.

Serikali ilichukulia jambo hilo kwa uzito. Ilimtuma afisa kwa Bi. Sikitu. Alimkuta mwalimu anakula ugali kwenye chumba cha uani, akamuuliza wewe nani, naye akajibu Shomvi, ugali ukiwa bado mdomoni. Afisa hakuridhika. Akatoa kwenye gari spika mbovu, akamwambia aitengeneze. Mwalimu, ambaye maishani alikuwa hajashika chochote chenye waya, aliitazama kwa muda, kisha kwa woga akaipiga kofi. Spika ikaimba wimbo wa taifa. Afisa akampa mkono, akaandika kwamba ufundi umethibitishwa na kwamba Wakili Mapugilo anaonekana amechoka.

Walinifuata ofisini wakati nanyoosha joho. Walikuwa vijana wenye adabu. Mmoja alinisaidia kuchomoa pasi, ili nyumba isije ikaungua nikiwa sipo.

*

Pumziko la Taifa ndani ni chumba kimoja kirefu. Watu wanakaa sakafuni wakifuatana, uso kwenye mgongo wa mwenzako, na hakuna anayeitwa jina lake mpaka aombwe. Aliye kwenye foleni bado anaweza kudaiwa na mtu huko nje, kwa hiyo anapewa uji. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa bati, wanakaa waliokwisha kutoka.

Sikuelewa mwanzoni. Nilimwona mtu wa kimo changu ameegemea ukuta, amevaa fulana, kidole gumba cha kushoto kina kovu linalong'aa.

"Fundi Shomvi?"

"Huyo ameshatoka," akajibu. "Yuko kwake. Nimeambiwa kwamba anatengeneza spika kwa kofi."

Alicheka, kisha akauliza kama kweli mke wake alilia kwa hasira. Nikamwambia mpaka mfuko ulichanika. Akawa anasugua lile kovu.

Mlango wa bati unaelekea chumba cha mwisho. Afande Chikoti, msimamizi wetu, mtu mnene mwenye huruma ambaye hugawa uji akiuliza hali za watu, alinieleza kwamba waliokwisha kutoka huhamishiwa humo chumba hiki kikijaa, wakapumzike zaidi. Sijamwona aliyerudi. Fulana zao ndizo hurudi, zimefuliwa na kukunjwa vizuri, wakapewa wanaoingia wapya. Siku nilipopewa yangu nikainusa, nikaona nimeanza kufikiri kama watu wa humo.

Nilijua sina wa kuniomba. Mama yangu alikwisha kufariki, mke sikuoa. Nilijipa moyo kwamba angalau niko kwenye foleni, na huenda siku moja mtu wa nyuma yangu akaombwa, mimi nikatoka na jina lake. Basi nikasogea mbele, na mbele tena, kadiri wengine walivyotoka, mpaka mbele yangu hakubaki mtu.

Asubuhi hiyo Afande Chikoti aliingia na karatasi, akasoma kwa sauti: "Ameombwa Wakili Gervasi Mapugilo! Mwombaji, Sikitu Makame, dada wa hiari!"

Machozi yalinitoka. Sikujua kwamba nina dada.

"Wa mbele yako nani?" akauliza Afande.

"Hakuna, afande."

"Basi simamisha mtu hapo, upesi, jaji ananisubiri. Yeyote, ila wewe mwenyewe. Mwongozo unaujua."

Hapa naomba wasomi wenzangu wanielewe. Kwa mujibu wa kanuni, mwenye jina akisema anaumwa, ombi linaahirishwa, naye anabaki kwenye foleni akila uji wake. Kuahirisha ni kazi ninayoimudu kuliko zote. Nimewahi kuahirisha kesi moja mpaka pande zote mbili zikafa. Nilichotakiwa kufanya ni kukohoa. Kooni mwangu kikohozi kilikuwa tayari. Nikageuka nikatazama nyuma, nikaona mlango wa bati umeanza kufunguliwa, na waliokwisha kutoka wanaambiwa wasimame.

Nikaenda nikamshika Fundi Shomvi mkono.

"Huyu," nikasema.

Afande akakuna kichwa. "Huyu ameshatoka. Ana mwenyewe tayari."

"Kisheria yuko nyumbani," nikamjibu, kwa sauti ile ile ninayoitumia mahakamani. "Kwa hiyo huyu hapa si yeye, ni mtu yeyote. Na mwongozo unataka mtu yeyote."

Alifikiri kwa bidii. Shomvi aliyeombwa na Sikitu alikwisha kupokewa, na anayeombwa sasa ni wakili. Hakuna mahali popote kwenye mwongozo palipokataza hilo. "Wewe kweli umesoma," akasema kwa heshima, akapiga mhuri.

Nikavua shati. Vifungo vikanishinda, Shomvi akanisaidia. Lilimkaa sawasawa kabisa. Alipofika mlangoni akageuka, akainua kile kidole gumba, na mlango ukafungwa.

*

Afande Chikoti alirudi mchana amekasirika kidogo, maana alikuwa amechelewa chakula.

"Wakili, kumbe watu wanakupenda hivyo! Yule mwanamke alipomwona mtu wake alianguka chini. Akainuka, akampapasa kisogo kwa vidole, mbele ya watu, akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Jaji Kaswaga amesema tangu aanze kazi hajaona mteja anayemlilia wakili wake namna ile."

"Alilia kwa huzuni au kwa hasira?"

Afande akafikiri.

"Kwa hasira," akasema.

Nikakaa sakafuni nikafurahi. Sikumbuki nilipofurahi vile tangu siku niliyovaa joho.

Sasa nakaa nyuma, karibu na mlango wa bati, maana kisheria nimeshatoka. Jalada langu limefungwa, niko huru kabisa, na hakuna mahakama inayoweza kusema vinginevyo. Ukipita mjini utaona ofisi yangu iko wazi. Nasikia kwenye meza zangu kumejaa redio mbovu, na kwamba Wakili Mapugilo wa sasa hajashindwa kesi hata moja, kwa kuwa hajafungua yoyote. Nasikia pia kwamba jioni anakwenda kula kwa msusi mmoja nyuma ya soko la ndizi, na mwenye nyumba, mwalimu mrefu anayejiita Shomvi, anawapisha anakwenda kumwandikia mkewe barua. Majirani wameanza kuwasema vibaya. Wasamehewe, hawajui sheria.

Chumba chetu kimejaa tena. Afande amekuja leo na uso wa huruma zaidi, ametuambia tufunge virago, ingawa virago hatuna. Bati linagonga gonga kwa upepo wa upande wa pili.

Haya yote nimemsimulia anayekaa mbele kabisa kwenye foleni. Yeye bado anakula uji. Siku yoyote ataletwa mbele yako mahakamani akiwa na jina la mtu wako na sura isiyo yake, na jaji atakuuliza kama ndiye. Usimtazame sana usoni. Mpokee mfuko kwanza. Maswali utamuuliza mkifika nje.